Hoja mbovu nazo zisomwe

Wazazi na walimu wanaotaka vijana wao wajue kufikiri huwatafutia hoja nzuri: hotuba za Mwalimu Nyerere, vitabu vya waandishi makini, mahubiri ya padri au shehe anayejua kupanga maneno. Wanafanya vema. Lakini hoja nzuri ina kasoro moja kwa mwanafunzi: inampitisha moja kwa moja hadi mwisho bila kumwonyesha ilivyofungwa. Fundi wa pikipiki pale Omurushaka hakupata ufundi kwa kutazama pikipiki zinazokimbia kwenda Kayanga; aliupata kwa zile zilizosukumwa hadi kibandani kwake zikiwa zimekufa.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa wasomaji wa Karagwe na Kyerwa, na hasa wenye vijana wa sekondari nyumbani, ni huu: zitafuteni hoja mbovu mzisome polepole, kwa heshima ileile mnayozipa nzuri. Sina maana ya maneno ya mlevi kilabuni. Upuuzi mtupu haufundishi kitu kwa sababu haukumdanganya mtu. Chagua hoja iliyowashawishi watu wenye akili zao, ikadumu, ikafanya kazi duniani. Wilaya zetu zina moja ya namna hiyo, na ilitungwa hapahapa nyumbani kwetu.

Novemba 1861 Mwingereza John Hanning Speke, pamoja na mwenzake James Grant, alifika kwa Omukama Rumanyika wa Karagwe, aliyekuwa na makao yake Bweranyange. Walipokewa vizuri mno. Speke aliondoka Januari 1862 kuelekea Buganda. Grant alibaki nyuma miezi kadhaa akiuguza mguu. Katika muda huo Speke aliona dola yenye utaratibu, ikulu yenye adabu zake, wafugaji waliokuwa karibu na utawala na wakulima waliokuwa mbali nao. Katika kitabu chake cha 1863 akaeleza maana ya yote hayo: watawala hawa, aliowaita Wahuma, asili yao ni Uhabeshi, ni watu wa damu nyingine waliokuja kuwatawala wenyeji weusi.

Usikimbilie kukasirika. Kaa na hoja hiyo. Chukua karatasi uiandike kama mwenyewe angeiandika, kwa nguvu zake zote: nimeona watu wenye maumbo tofauti, nimeona wenye ng'ombe wakiwatawala wenye majembe, sura za wafugaji zinanikumbusha Wahabeshi, na wao wenyewe wanasema mababu zao walitoka mbali. Hapo ndipo hoja ilipo na nguvu, na mtu asiyekubali kuiona nguvu hiyo hatajua ilivyowapata watu kwa miaka mia moja.

Sasa tafuta sentensi ambayo haikuandikwa. Kila hoja mbovu ya maana ina sentensi moja iliyofichwa katikati, na kazi yako ni kuitoa nje. Kutoka "kuna wafugaji wanaotawala" mpaka "wametoka Uhabeshi" kuna shimo. Kinacholiziba ni dhana kwamba Mwafrika wa maziwa makuu hawezi kujijengea dola kwa akili yake, kwa hiyo ukiona dola, tafuta mgeni. Ukishaiandika sentensi hiyo kwa wino, mambo yanabadilika, kwa maana yenyewe ndiyo iliyohitaji kuthibitishwa kwanza, na Speke hakuithibitisha. Aliitumia. Dola ikawa ushahidi wa ugeni, na ugeni ukawa maelezo ya dola. Hoja inazunguka mahali pamoja kama ng'ombe aliyefungwa kambani.

Halafu tazama mashahidi. Speke anadai kwamba amejenga juu ya simulizi za wenyeji. Lakini simulizi za ukoo wa Bahinda zinamtaja Ruhinda, zinawataja Wachwezi, zinataja Kitara upande wa Bunyoro. Uhabeshi haumo. Tena Speke anasimulia bila haya kwamba alichukua Biblia akamweleza Rumanyika asili ya watu wake, akianzia kwa Adamu. Fikiria mpelelezi anayemfundisha shahidi maneno ya kusema. Msafiri mwingine akija baadaye na kumsikia mtu wa ikulu akisema "asili yetu ni kaskazini", atajuaje kama anasikia urithi wa kale au mwangwi wa mgeni aliyepita?

Hatua inayofuata ni kujiuliza: kama jambo hili lingekuwa kweli, tungetarajia kuona nini kingine? Tungetarajia lugha ya Uhabeshi, au hata vipande vyake. Lakini Wahima wa Karagwe, ndio hao Wahuma wa Speke, walizungumza Kinyambo kilekile cha majirani zao, lugha ya Kibantu. Na kama ustadi uliletwa na wageni hao, tusingetarajia kuukuta kabla yao. Miaka ya 1970 mwanaakiolojia Peter Schmidt alichimba Katuruka, upande wa Buhaya, akakuta mabaki ya tanuri za kuyeyushia chuma zenye umri wa kama miaka 2,000. Mnyambo anayetaka kujua habari za dola yake kwa kina asome kitabu cha Israel Katoke kuhusu ufalme wa Karagwe, kilichotoka 1975. Humo wenyeji ni watu wenye historia, hawako pale kupamba safari ya mtu mwingine.

Kuna jambo la mwisho hapa ambalo mimi naliona kubwa kuliko yote. Speke mwenyewe aliita maelezo yake nadharia. Alilitumia neno hilo. Waliomfuata wakaliacha njiani. Kufikia 1930, katika kitabu cha C. G. Seligman kuhusu jamii za Afrika, wazo la wafugaji wageni walioleta ustaarabu lilikwisha kuwa elimu ya darasani. Wabelgiji waliotawala Rwanda miaka hiyohiyo ya 1930 wakaandika kabila la kila mtu kwenye kitambulisho. Tarehe 22 Novemba 1992 mwanasiasa Léon Mugesera alihutubia mkutano huko Kabaya, Rwanda, akasema Watutsi, waliohesabiwa kuwa wageni wa namna hiyohiyo, watarudishwa Uhabeshi kwa njia ya mkato, kupitia mto Nyabarongo. Nyabarongo humwaga maji yake Akagera, na Akagera ndio mto wa mpaka wetu, unaopita Kyerwa kabla ya kuingia Ziwa Victoria. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari ya Rwanda, maiti zilipita humo. Mwishoni mwa Aprili mwaka huo watu wanaokadiriwa kufika 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi, na Karagwe nayo ikapokea wakimbizi wake. Wazee wetu hawahitaji kusimuliwa.

Sisemi kwamba Speke ndiye aliyeua watu mwaka 1994. Hiyo nayo ingekuwa hoja mbovu, na ni vizuri uzoee kuikataa hata pale inapofurahisha. Kati ya kitabu cha 1863 na mapanga ya 1994 kuna serikali za kikoloni, kuna vyama, kuna uhaba wa ardhi, kuna vita iliyoanza 1990, na zaidi ya yote kuna watu waliokaa, wakapanga, wakaamua. Ninachosema ni kidogo zaidi: uongo ule haukutungwa upya. Ulikuwa tayari umeandaliwa, na sehemu ya maandalizi yake ilifanyika Bweranyange.

Mtu huyohuyo anatufundisha jambo jingine, la kinyume. Agosti 1858 Speke aliliona Ziwa Victoria akiwa upande wa Mwanza, akatamka kwamba hapo ndipo Nile inapoanzia. Hakuwa amelizunguka. Hakuwa ameuona mto ukitoka. Mwenzake wa safari hiyo, Richard Burton, alimkatalia. Mwezi Julai 1862, baada ya kutoka kwetu, Speke aliuona mto ukitoka ziwani mahali ilipo Jinja leo, lakini hakuufuata mfululizo hadi chini, na mabishano yakaendelea. Wawili hao walitarajiwa kukabiliana mjini Bath, Uingereza, tarehe 16 Septemba 1864. Siku moja kabla, Speke alikufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe akiwa mawindoni. Mwaka 1875 Henry Stanley alilizunguka ziwa, na ikadhihirika kwamba Speke alikuwa sahihi.

Alikuwa sahihi, lakini mwaka 1858 alikuwa bado hajui. Burton alikosea kuhusu ziwa, akapatia kuhusu hoja. Hapa ndipo wanafunzi wengi, na watu wazima pia, wanapojikwaa: wakigundua hoja ina tundu wanatangaza kwamba hitimisho ni uongo, wakigundua hitimisho ni kweli wanaisamehe hoja. Ndiyo maana nashauri uanze mazoezi yako na hoja za kutetea mambo unayoyapenda. Hoja za chama chako, za dhehebu lako, za timu yako. Kuona tundu kwenye hoja ya mpinzani si kazi. Kila mtu ana jicho la kuona hilo.

Kuna hasara halisi katika kuwa na hitimisho sahihi bila sababu yake. Ugonjwa wa mnyauko wa migomba ulithibitishwa mkoani Kagera mwaka 2006, ukaingia vibanjani mwetu. Ushauri ulitolewa: ondoa ua dume, safisha panga kwa moto au kwa jiki, ng'oa mgomba ulioathirika. Mkulima mmoja anakataa kwa kusema, "Babu zetu hawakuchoma panga wala hawakukata ua dume, na ndizi tulikula." Sentensi iliyofichwa humo ni kwamba ugonjwa huu ulikuwepo wakati wa babu. Haukuwepo. Ukitaka kuijaribu zaidi, ichukue hoja hiyohiyo uiweke kwenye jambo jingine: babu hawakuchanja watoto, babu hawakuezeka kwa bati. Hoja inayokataa kila kitu kwa pamoja haijakataa kitu chochote.

Lakini mtazame mkulima wa pili, yule mtiifu. Amesikia "kata ua dume", akachukua panga akapita shamba zima, mgomba baada ya mgomba, bila kulisafisha. Ametii, na huenda amesambaza ugonjwa kuliko yule mbishi. Angeijua sababu, kwamba vimelea husafirishwa na nyuki na wadudu wengine wanaotembelea ua dume, na kwamba husafirishwa vilevile na kisu chenye utomvu wa mgomba mgonjwa, angeelewa mwenyewe kwa nini wataalamu wanahimiza kulivunja ua kwa kijiti chenye panda mara tu chane la mwisho linapotokeza. Hitimisho unaweza kuazima kwa mwenzako. Sababu lazima uwe nayo mwenyewe, kwa kuwa ndiyo inayokuambia la kufanya siku mambo yakibadilika.

Hoja mbovu zilizo ngumu zaidi, na zenye faida zaidi, ni zile zilizosimama juu ya jambo la kweli. Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini waliripotiwa mkoani Kagera. Watu wengi mkoani waliuita ugonjwa ule Juliana, jina la kitambaa cha kupendeza kilichokuwa kikiingizwa na wafanyabiashara kutoka Uganda. Ng'ambo ya mpaka, Rakai, kwenye mwalo wa Kasensero, ilisemwa kwamba ni uchawi wa wafanyabiashara wa Tanzania waliodhulumiwa na Waganda. Kila upande ulinyoosha kidole ng'ambo.

Ni rahisi leo kucheka. Lakini watu wale walikuwa wameona kitu, tena walikiona mapema: waliokuwa wakifa mwanzoni walikuwa watu wa biashara na magendo, wenye safari na fedha, na wanawake waliokuwa karibu nao. Huo ni uchunguzi mzuri. Walipotelea hatua moja mbele, waliporuka kutoka "nani anakufa" hadi "anakufa kwa sababu gani" na kushika kilichokuwa machoni: kitambaa, au deni. Swali la kuivunja hoja lilikuwepo nyumbani kwao. Mke aliyebaki kijijini, asiyemdhulumu mtu, mbona anamfuata mumewe kaburini? Na mtoto mchanga alivaa Juliana gani? Na wale matapeli wazima wa afya wanaoonekana sokoni, uchawi umewasahau? Ukizipanga maiti kwa swali hilo, njia ya ugonjwa inaanza kujionyesha: unapita kwa wenzi, unapita kwa mama hadi mtoto. Mtu aliyetupa kila kitu akisema "ushirikina huo" alitupa na ule uchunguzi mzuri. Ukiivunja hoja mbovu, okota kilicho kizima kabla ya kufagia.

Sasa nije kwenye kahawa, maana najua wengine walikuwa wanaisubiri tangu mwanzo.

Mnunuzi wa butura, yaani kahawa inayouzwa kabla ya kuvunwa, anakuja wakati kahawa bado ni maua. Anasema: "Bei ya msimu hakuna anayeijua, inaweza kushuka. Mtoto wako karudishwa ada. Mimi nakupa fedha leo, mkononi." Kila sentensi hapo inaweza kuwa ya kweli, na anayemwita mkulima huyo mjinga hajawahi kulala na barua ya shule mezani. Tundu liko kwingine. Kwanza, ikiwa bei haijulikani kwa mkulima, haijulikani kwa mnunuzi pia. Basi kwa nini yeye yuko tayari kubeba hatari hiyo? Kwa sababu ameweka bei ya chini kiasi kwamba hata ikishuka bado atapata. Pili, hoja imekuonyesha milango miwili tu, uza maua au mtoto akae nyumbani, wakati huenda kuna mbuzi, kuna kikoba, kuna SACCOS, kuna mwalimu mkuu wa kuombwa muda. Kabla ya kuweka saini, hesabu milango. Na ukikuta kweli ni miwili tu, basi angalau unauza ukijua unachouza.

Hoja nyingine ya vijiweni: "Uganda bei iko juu, hapa tunaibiwa." Pengine ni kweli mwaka fulani, pengine si kweli mwaka mwingine, lakini namna inavyosemwa haiwezi kukuonyesha. Kwanza uliza shilingi ya nani. Shilingi ya Uganda ina thamani ndogo kuliko yetu, kwa hiyo 5,000 ya kule haitoshi kuwa 5,000 ya hapa. Kisha uliza kilo ya nini. Kahawa ya maganda, ambayo Waganda huiita kiboko, hupungua takriban nusu ikikobolewa. Anayelinganisha bei ya kahawa safi ya kule na ya maganda ya huku atajiona kaibiwa hata kama bei ni sawasawa. Halafu ongeza nauli, watu wa kuvusha, na uwezekano wa mzigo kukamatwa. Ukimaliza hesabu hiyo na bado kule kuko juu, sasa una hoja, na chama chako cha msingi kinapaswa kukujibu.

Niseme neno kuhusu adabu. Kijana akishajua kutafuta matundu huwa kero nyumbani kwa muda. Anamkatiza baba yake kwenye kikao cha ukoo, anamwambia hoja yake inazunguka. Atakuwa amepatia na atakuwa ameharibu. Mfundishe aanze kwa kurudia alichosikia: "Mzee wangu, nimekuelewa kwamba shamba ligawiwe sasa kwa sababu ndugu wa Dar es Salaam hawarudi. Naomba nieleweshwe hapo: tumewauliza?" Swali hilo linafanya kazi yote ya kuivunja hoja, na mzee anabaki na nafasi ya kuirekebisha mwenyewe. Anayeshindwa kuirudia hoja ya mwenzake hadi mwenyewe akasema "ndiyo, hivyo hivyo", hana ruhusa ya kuipinga. Nyumbani kwangu sheria hiyo inafuatwa hata kwenye mabishano ya Simba na Yanga, ingawa hapo, nakiri, ni kwa shida.

Walimu wa sekondari ndio wanaoweza kulifanya jambo hili kwa urahisi, kwa sababu midahalo tayari wanayo. Ipumzisheni kidogo ile mada ya elimu na pesa, na ile kanuni ya kumtangaza mshindi kwa makofi. Andikeni ubaoni hoja moja tu, mbovu, iliyosikika sokoni wiki hiyo. Kundi la kwanza liiandike upya kwa nguvu zake zote. La pili litafute sentensi iliyofichwa. La tatu lijaribu kuiokoa: libadilishe nini ili isimame? Kundi hilo la tatu ndilo litakalotoka jasho, na mara nyingi litagundua kwamba linahitaji taarifa ambayo hakuna aliye nayo darasani, hivyo mtu atumwe kwenye ghala la chama au kwa bwana shamba kuuliza. Shule zilizo karibu na Murongo, mpakani, zinaweza kuanza na ile ya bei ya Uganda. Msemaji wa kwanza wa upande wa kuunga mkono asiruhusiwe kuendelea mpaka aseme ni kilo ya nini na ni shilingi ya nani.